Springi fupi au koilova: yaliyonikuta na Subaru ya kila siku

Impreza WRX yangu ya mwaka 2003 nimeiendesha ikiwa na springi zilizokatwa, ikaja koilova (shokapu na springi zinazokuja pamoja, na urefu wake unarekebishwa), na sasa ina springi fupi zilizokaa juu ya shokapu mpya. Gari ni lile lile na barabara ni zile zile: asubuhi Mbezi Beach kwenda Posta, jioni kurudi, na mara kadhaa kwa mwaka Dar hadi Iringa kwa wazazi. Naandika kwa sababu kila wiki nakutana na kijana anayeulizia bei ya kushusha gari kabla hajauliza kama shokapu alizonazo ziko hai au zimekufa. Hapo ndipo pesa za watu zinapoanzia kupotea.

Nililikuta gari limeshushwa tayari. Aliyeniuzia alisema limewekewa "springi za sport", na kwa macho lilipendeza kweli: limekaa chini, tairi zimejaa ndani ya fenda. Barabarani ilikuwa habari nyingine. Kila rasta ilinitikisa meno, na nikipita kwenye lami iliyochakaa kwa kasi ya wastani pua ilinesa mara tatu nne ndipo itulie. Nikafikiri Subaru ndivyo zilivyo.

Mzee wetu wa gereji pale Sinza alilipandisha jeki, tairi la mbele likabaki linaning'inia. Akaingiza vidole viwili juu ya springi, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka kama bangili. "Kijana wangu," akaniambia, "springi haitakiwi kuzunguka hivi." Akanionyesha mwisho wake: palikuwa na alama nyeusi ya moto wa grinda, na chuma kilichokatwa hakikulala kwenye sahani yake, kiliigusa kwa ncha tu. Mzunguko mmoja na zaidi ulikuwa umekatwa. Maana yake, gari likirushwa kidogo na tairi likashuka lote, springi inaachia sahani, halafu inarudi popote itakapoangukia. Nilikuwa nimepanda gari hilo na watoto wa dada yangu hadi Bagamoyo na kurudi.

Kama gari lako lilishushwa na mtu mwingine, fanya jaribio hilo leo: jeki chini ya chesi, tairi lining'inie, zungusha springi kwa mkono. Ikicheza, usisafiri nalo.

Hapo ndipo safari ya kuchagua ilipoanza. Niseme kwanza nilichokuja kukielewa, maana bila hicho mabishano ya springi na koilova hayana mwisho. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi baada ya kubonyea ili isiendelee kunesa. Shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kwa nguvu ya springi ya kiwandani. Ukiweka springi ngumu zaidi juu yake, hasa ikiwa imekwisha kula kilomita laki moja na kitu, umempa mzee mzigo wa kijana. Itavuja oili mapema, na kabla haijavuja gari litakuwa linadunda. Watu wengi wanaosema springi fupi ni mbaya, walizifunga juu ya shokapu zilizokufa.

Jambo la pili ni nafasi ya kubonyea. Gari likishuka milimita 40, tayari umekula milimita 40 za safari ambayo shokapu ingetumia kumeza shimo au tuta. Kilichobaki kikiisha, gari linakalia ile raba ya ndani ya shokapu inayozuia chuma kugonga chuma, mafundi wanaiita bampa stopu. Kwa hiyo springi fupi nzuri lazima iwe ngumu kidogo kuliko ya kiwandani. Ugumu huo ndio unaolinda nafasi iliyobaki. Springi ya kukatwa nayo inakuwa ngumu kidogo, lakini kwa kubahatisha, na haikai vizuri kwenye sahani.

La tatu linaihusu zaidi Subaru ya umri huu, ambayo shokapu ndiyo nguzo yenyewe ya tairi, mbele na nyuma. Ukilishusha sana, zile kontroli amu za chini, mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye gari, zinapanda upande wa tairi hadi ncha ya nje inakuwa juu kuliko ya ndani. Likifika hapo, gari linaanza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini zaidi, na stering inakuwa na vituko kwenye lami yenye mawimbi. Ndiyo maana gari lililolazwa hadi fenda inafunika tairi mara nyingi linashindwa kwenye kona na lile la kiwandani. Uzuri wa picha na uzuri wa kona havifuati urefu mmoja.

Pamoja na kuyajua hayo, nilichagua koilova. Sababu yangu ilikuwa ya haki: shokapu zote nne zilikuwa zimekwisha, hivyo nilikuwa nanunua shokapu vyovyote vile, na koilova huja kamili, shokapu na springi zilizolinganishwa na mtengenezaji mmoja. Nikaagiza mpya kutoka Japani, zile zinazorekebishwa urefu kwa kuhamisha sahani ya springi, siyo kwa kuzungusha mguu wa chini wa shokapu. Tofauti hiyo ni kubwa na wauzaji wengi hawaisemi. Ukishusha gari kwa kuhamisha sahani ya springi tu, unaipunguzia shokapu nafasi ya kubonyea. Ukishusha kwa mguu wa chini, nafasi inabaki vile vile.

Hadi zinanifikia mkononi ziligharimu kama milioni 3.6. Bei ya dukani ilikuwa ndogo zaidi, lakini VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru wenyewe kwa pamoja. Piga hesabu hiyo kabla hujabonyeza "nunua". Kufunga ilikuwa laki 1 na nusu.

Kuhusu mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, nitasema ukweli wangu wote, maana ningedanganya nikisema koilova hazina raha. Unatoka Ruaha Mbuyuni, unaacha wauza vitunguu, mlima unaanza kukukunja kulia na kushoto. Asubuhi na mapema, kabla malori ya Tunduma hayajajaa, kwa mwendo halali kabisa, gari lile lilikuwa linaingia kona bila kulala. Ulikuwa ukigeuza stering kidogo pua inaitika papo hapo, na mkia unafuata. Nilikuwa nimefika juu natabasamu peke yangu. Shokapu nilikuwa nimeziweka hatua ya ugumu ya 10 kati ya 16, na kila badiliko la hatua mbili nililihisi mikononi. Anayesema tofauti haipo hajawahi kufunga zilizo nzuri.

Lakini Kitonga naipita mara chache. Mbezi naishi.

Springi za mbele zilikuwa kilo 8 kwa milimita, yaani unahitaji kilo nane kuibonyeza milimita moja, na nyuma 6. Za kiwandani za WRX hii hazifiki 4. Kwenye lami mpya hilo halisumbui. Kwenye barabara ya mtaani kwetu, yenye matuta ambayo wananchi wameyapandisha wenyewe na mashimo yanayozaliwa upya kila masika, linasumbua kila dakika. Nikashusha hatua hadi ya laini kabisa nikidhani ndiyo dawa. Haikuwa. Hatua zile zinarekebisha shokapu, hazigusi springi. Ukizilegeza sana kwenye springi ngumu, gari linaanza kunesa tena. Kinachoamua ulaini wa gari la kila siku ni ile namba ya springi, na namba hiyo unaichagua siku unayoagiza. Watengenezaji wengi wanakubali ukiwaomba springi laini zaidi kabla ya kutuma. Uliza.

Kisha makelele. Koilova zangu zilikuwa na maunti za juu, zile zinazoshika shokapu kwenye bodi, za chuma badala ya raba. Zikiwa mpya ni kimya. Vumbi na maji ya Dar vilipoziingia, zikaanza ngo-ngo-ngo kila nikipita kwenye mawe kwa mwendo wa pole. Fundi alikaza kila nati, sauti ikabaki pale pale, kwa sababu haikuwa nati.

Na chumvi. Hili wauzaji wa Ulaya na Japani hawakuelezi kwa lugha ya mtu anayeishi karibu na bahari. Uwezo wote wa koilova kupanda na kushuka unategemea hesi (mikato ya skrubu) zilizo safi na ringi zinazozunguka juu yake. Baada ya masika moja nilitaka kupandisha gari sentimita moja kwa safari ya kijijini, ringi mbili za nyuma zikagoma kabisa. Tope lilikuwa limekauka ndani ya hesi na kutu imeanza. Fundi alitumia brashi ya waya, mafuta ya kulegeza, na jioni nzima. Ukiweka koilova pwani, zioshe kwa maji safi kila ukiosha gari, zipake grisi au nta maalumu, na zungusha ringi hata kama huna haja ya kubadili urefu. Lililokuwa linauzwa kama uhuru wa kurekebisha, usipolitunza, mwaka wa pili linakuwa ni springi fupi za bei ghali.

Hasara nyingine ilitokana na kufungwa vibaya. Fundi aliyezifunga, siyo yule mzee wa Sinza, aliniambia alaimenti, yaani kupanga tairi zisimame na kuelekea sawa, "tutafanya ukirudi kwa sevisi". Gari likishuka, tairi zinabadilika jinsi zinavyosimama na jinsi zinavyoelekea mbele. Kusimama kwa kulala kidogo ndani hakuli tairi kwa haraka. Kinachokula ni tairi ya kushoto na ya kulia kuelekea pande tofauti. Ukiangalia kwa nje tairi zangu za nyuma zilikuwa nzima. Nilipopitisha kiganja upande wa ndani nikakuta nyuzi za waya. Laki 5 kwa tairi mbili, na kama mvua ingenikuta Mikumi nazo sijui ningeandika nini leo. Alaimenti yenyewe ilikuwa elfu 50.

Kilichonigeuza mawazo kabisa ni safari ya kumleta mama Dar kwa ajili ya kliniki. Mama ana nyonga mbovu. Barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50, imejaa matuta na rasta ili kulinda wanyama, na ni haki yao. Nilipunguza mwendo kiasi cha kupitwa na mabasi. Hakulalamika. Alishika mpini wa juu ya mlango, akawa anajiinua kidogo kwenye kiti kabla ya kila tuta. Tulipotoka hifadhini akasema taratibu, "Mwanangu, tukifika Morogoro nitafutie basi." Nilimwambia, "Mama, vumilia tumekaribia," na mwenyewe nikajua nasema nini. Morogoro hadi Dar bado ni karibu kilomita 190.

Kabla ya kuzing'oa nilifanya kipimo kimoja ambacho ningependa kila mwenye gari lililoshushwa akifanye, kwa sababu kinagharimu shilingi mia chache. Unafunga tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, unaisukuma hadi chini igusane na mwili wake, halafu unaendesha kama kawaida wiki nzima. Kila shokapu inapobonyea inaisukuma tai juu, na mahali itakapoachwa ndipo ilipofika. Zangu za mbele zilikuwa zinafika kwenye bampa stopu kwa kwenda kazini na kurudi tu. Ule mgongano niliokuwa nausikia na kuulaumu ugumu wa springi, kwa sehemu kubwa ulikuwa gari kuishiwa nafasi, kwa sababu nililishusha milimita 40. Nilipandisha mbele milimita 15, nafuu ikaonekana siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kama una koilova na unateseka, anza na hilo kabla hujauza.

Mimi niliuza. Ugumu ulipungua, haukuisha, na makelele yalibaki. Nikanunua springi fupi mpya za kushusha kama milimita 25, laki 8 hadi mlangoni. Shokapu nne mpya za KYB zilikuwa milioni 1.3. Maunti mpya za raba na bampa stopu fupi, laki 3. Ufundi laki 2. Ukijumlisha na alaimenti ni milioni 2.65, na hapo ndipo watu wengi wanaposhtuka, maana walidhani springi ni njia ya laki 8. Njia ya laki 8 ipo tu kama shokapu zako ni nzima kweli. Kama zimekwisha, linganisha koilova na springi pamoja na shokapu zake, siyo springi peke yake. Kwa gari ambalo mtengenezaji anazo shokapu zilizofupishwa maalumu kwa springi fupi, kama Bilstein B8, hizo ni bora zaidi mfuko ukiruhusu.

Safari hii nilirudi kwa mzee wa Sinza na nikakaa pale mwanzo hadi mwisho. Alifanya mambo mawili ambayo yule aliyefunga koilova hakuyafanya. Alibana springi kwa vibanio viwili vya skrubu, akikaza huku kidogo na huku kidogo, uso wake ukiwa pembeni na kijana wake akiwa amesogezwa mbali. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Ukiona fundi anaifunga kwa waya wa kujengea, ondoka na gari lako. Na nati za bushi za kontroli amu hakuzikaza gari likiwa juu. Alizilegeza, akalishusha chini, akalibonyeza mbele na nyuma mara kadhaa, akaingia uvunguni akazikaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Bushi ya raba ikikazwa tairi likiwa linaning'inia, inabaki imejipinda kila dakika gari likiwa chini, na inachanika mapema. Ni dakika kumi za kazi zinazookoa laki kadhaa.

Alaimenti tulisubiri wiki moja springi zikae sawa, ndipo nikaenda. Taa za mbele pia nilizirekebisha, maana mkao wa gari ukibadilika mwanga nao unahama, na aliyeko mbele yako hana kosa.

Sasa liko vipi? Mbezi, ni gari. Napita matuta ya mtaani kwa kukatiza kidogo kwa pembeni, chini halikwangui, rasta nazisikia bila kuzihofia. Kitonga limepungukiwa: linalala kidogo zaidi, na ule wepesi wa pua siupati wote. Nausema upungufu huo kwa sababu ni wa kweli na wakati mwingine naukumbuka. Nadhani kwa mtu anayetumia gari moja kwa kazi, familia na safari, kwenye barabara zetu, springi fupi za kushusha milimita 20 hadi 30 juu ya shokapu mpya ndilo jibu karibu kila mara. Koilova nampa mtu wa aina nyingine: mwenye gari la pili, au anayekwenda kwenye mashindano na atazipima na kuzigusa mara kwa mara, au mwenye matairi na rimu pana anayehitaji urefu kamili kila upande. Na ziwe nzuri. Koilova za bei rahisi sana ni chaguo baya kuliko yote mawili, kwa kuwa zina ugumu wa koilova na shokapu inayokufa haraka kuliko ya kiwandani, na spea zake hazipatikani.

Ukinunua koilova za mtumba mtaa wa Gerezani, Dar, au kwingine, zisimamishe sakafuni na uibonyeze fimbo ya kila moja kama unaweza kuipata bila springi: irudi pole na kwa mwendo mmoja, bila kurukaruka katikati. Pitisha kidole kwenye sili kutafuta oili. Zungusha kila ringi mbele ya muuzaji. Angalia namba iliyoandikwa kwenye springi, maana seti nyingi za mtumba zimechanganywa, mbele za gari moja na nyuma za jingine. Na kama una bima kubwa, wajulishe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kabla ya ajali.

Zangu niliziuza milioni 1.9 kwa kijana wa Kinondoni mwenye Impreza kama yangu, anayeitumia wikiendi tu. Nilimpa na spana zake za ndoano, na karatasi niliyoandika vipimo vya kila kona kutoka kitovu cha rimu hadi fenda, kwa kila urefu niliojaribu. Nilimwambia aanze na ule wa juu.